Soksi ya Mguu wa Pili

Jamani, mimi ni shangazi! Kaka yangu kapata mtoto wa kiume. Kaja kabla ya wakati wake, kadogo ka kulala kiganjani, lakini kanakunja uso kama mkaguzi wa shule. Tukamwita Bosi.

Yuko wodi ya watoto wachanga mahututi, ndani ya sanduku la kioo, na kitovuni kaingizwa mrija mwembamba kuliko ule wa kalamu. Nesi akatueleza mimi na mama yangu: "Huu umeingia kwenye mshipa. Tunachukulia damu hapa bila kumchomachoma. Lakini unaweza kuzuia damu kufika miguuni, kwa hiyo miguu ibaki wazi. Vidole tunaviangalia kila wakati."

Mama akanuna. Soksi kafuma mwenyewe, kazifua, kazipiga pasi. "Kichanga miguu wazi! Kwani anacheza mpira huyu?"

Wifi yangu alikuwa bado hawezi kuinuka baada ya upasuaji, akanituma nimpigie mtoto picha: mwili mzima, hadi vidole. Nesi alipogeukia mtoto mwingine, mama akapitisha mkono kwenye kidirisha cha sanduku, soksi ikaingia mguu wa kushoto.

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Baridi haina chuo."

Nikacheka, ningefanyaje? "Basi mvue kidogo nipige picha, wifi anataka vidole."

Akaivuta. Cheko likanikauka. Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu, lakini wa kushoto ulikuwa umepauka, na vidole viwili vya mwisho vina rangi ya wino.

"Nesi!" Nilipiga kelele hadi Bosi akashtuka.

Daktari akaja mbio. Mama kashika soksi. "Ni mimi? Nimembana?"

"Si soksi, mama. Ni mrija, mshipa umejikaza. Ila soksi ingetufichia hiyo rangi, na tukichelewa vidole vinakufa." Akaitazama mkononi mwa mama. "Safi hiyo?"

"Safi kabisa."

"Mvishe mguu wa kulia."

"Daktari, huo si ndio mzima?"

"Ndio huo. Ukipata joto, mishipa ya mwenzake nayo hulegea. Huu wenye shida hatuupashi."

Mama akamvisha. Tukasubiri. Wino haukuondoka. Daktari akasema, "Tunautoa mrija," akawa anauvuta polepole mno, huku nesi kashika kitambaa tayari kukandamiza kitovu damu isije ikatoka. Nilikuwa nawaza, kitu kilekile kinachomweka hai ndicho kinachotaka kumnyang'anya mguu wake, na hawa watu wanaamka kila siku kuchagua katikati ya hayo mawili. Mimi kuchagua viatu tu hunichukua asubuhi nzima.

Rangi yake ilirudi kuanzia kisiginoni. Ikapanda taratibu, kidole kwa kidole, hadi kile cha mwisho, kile kidogo kama punje. Bosi akarusha teke. Mama akalia bila sauti.

Nikapiga picha, nikamtumia wifi. Akajibu papo hapo: "Mzuri mwanangu! Mbona soksi moja?"

Nikamsomea mama. Alikuwa kasogeza kiti hadi pua inakaribia kioo, soksi ya pili kaikunja mfukoni.

"Mwambie nitakuja kumweleza mwenyewe," akasema, macho hayabanduki kwenye ule mguu. "Sasa hivi nina kazi."