Upande wa Nyuma wa Menyu

Chumba kilikuwa kimoja, na mawifi walikuwa wawili. Hapo tu mtu mwenye akili angefungasha virago akahama, lakini fundi cherehani hakuwa na pa kuhamia. Chumba chenyewe ni kile cha mbele, chenye mlango wa kutazama barabara. Marehemu mama yake alimwekea cherehani pale miaka kumi na minane iliyopita, na wateja humwona kabla hawajabisha hodi. Sasa nyumba ni ya kaka yake, na mke wa kaka anakitaka chumba afungue saluni. Fundi ahamie chumba cha uani, nyuma ya tangi la maji, ambako hata paka hupotea njia.

Wakatukanana Jumatatu, wakanuniana Jumanne, Jumatano sufuria ikaruka. Kaka mtu, ambaye kazi yake ni kuziba mabomba ya watu huku la kwake likivuja, akasema maneno yamalizwe Ijumaa mchana, nje ya nyumba, penye vyombo vya wenyewe.

"Twende kwa Wahindi," wifi akadakia. "Atakayejua kuchagua na kuagiza mbele za watu, huyo ndiye wa chumba cha mbele. Asiyejua, uani."

"Haya," kaka akasema, kwa uchovu tu.

Fundi alijua kategwa. Wifi alishakula chakula cha Kihindi mara mbili, na kila mara alisimulia mwezi mzima. Yeye hakuwahi kukanyaga hata kizingiti.

Mtaa ule ulikuwa na mikahawa miwili ya Kihindi, imetazamana kwa chuki kama wao. Mmoja una mapazia ya kung'aa, tembo wa shaba mlangoni na mhudumu anayepiga miayo. Wa pili una meza za bati, kelele, na watu wamesimama wakisubiri viti.

"Huu hapa," wifi akasema, ameshashika pazia.

Fundi akachungulia ndani. "Saa saba mchana, Ijumaa, na hakuna hata nzi. Fundi asiye na foleni mie simpi kitambaa changu."

"Foleni yako wewe ni ya watu wanaodai nguo zao!"

Walipogeuka, kaka alikuwa ameshavuka barabara, pua mbele, kuelekea kwenye meza za bati.

Ndani wakabanwa kwenye meza ya pembeni. Kila mmoja akapewa menyu, kadi ngumu ndefu kama mkono.

"Nikusomee, Bi Sindano, au utanyooshea picha?"

"Soma yako, wifi. Kwa ulimi huo, utaimaliza."

Wifi akamwita mhudumu kwa kualisha vidole. Akaja mzee mwembamba, penseli sikioni. Wifi akashusha orodha bila kupumua: kuku wa siagi, kuku wa korma, mbuzi wa masala, na mbuzi wa vindalu, "pilipili ya wenyewe, usinitilie ya watoto."

"Na pamoja na hivyo, mama?"

"Nimemaliza. Sijaja kufundishwa kula."

Mzee akameza maneno yake. Ikawa zamu ya fundi. Akafanya kile anachofanya akiletewa kitambaa kigeni: kabla hajasifia maua, akakigeuza aone upande wa ndani, maana huko ndiko uongo unakofichwa. Akaigeuza menyu.

Wifi akaangua kicheko. "Muone! Anakagua pindo!"

Upande wa nyuma, kwa herufi ndogo, kulikuwa na wali na mikate, kila kimoja kivyake.

"Baba," fundi akamwambia mhudumu, "mie mgeni wa vyakula hivi, sioni haya kusema. Nianze na kipi kisichoniunguza?"

Uso wa mzee ukafunguka. Akamtajia dengu za vitunguu saumu, mchicha wenye vipande vya jibini, na mtindi wa matango wa kupoza mdomo. Fundi akakubali vyote, akaongeza wali na naan tatu.

"Mikate!" wifi akapiga meza. "Mtu kaletwa mkahawani anaagiza mikate, kama kalazwa hospitali!"

Chakula kikaja. Mbele ya wifi zikapangwa bakuli nne za mchuzi, nzuri, zinafuka moshi. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wali wangu?"

"Hukuagiza, mama."

"Mchuzi unakujaje peke yake? Kwenu mnakunywa?"

Mara zote mbili alizokula, wifi alikuwa mgeni wa watu. Wali ulichomoza mezani kama jua, naye hakuuliza nani kaliamsha.

"Wali umekwisha sasa hivi," mzee akasema, kwa upole wenye miiba. "Mikate ipo, lakini tanuri ni moja na watu ndio hawa. Nusu saa."

Wifi akakaza uso, akachota vindalu kwa kijiko. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikamkaba. Machozi yakamtoka, kamasi zikafuata, na meza ya jirani ikaacha kula ili itazame. Mumewe alikuwa akimega naan ya dada yake na kuichovya kwenye bakuli za mkewe bila aibu.

Fundi akavuta sahani ya wali na kikapu cha mikate upande wake.

"Omba."

"Sikuombi hata maji siku ya kufa."

"Basi kunywa mchuzi."

Wifi akavumilia kijiko kimoja zaidi. Kisha mkono wake ukatambaa mezani. Fundi akafunika kikapu kwa kiganja.

"Chumba?"

Wifi akamgeukia mumewe, midomo imevimba. Kaka akalamba kidole.

"Sharti uliweka mwenyewe, mke wangu. Saluni itakaa uani."

"Na paka," fundi akaongeza.

"Kaa nacho chumba chako, mchawi we!" wifi akafoka, sauti imekauka. "Na hiyo cherehani ikushone vidole vyote kumi!"

"Amina, wifi yangu."

Akammegea kipande kimoja, kidogo, cha pembeni, kile kilichoungua.