Halowini Mlangoni kwa Bi Salama

Habari ya Halowini iliingia Kibiti kwa njia ya simu. Mwalimu mmoja kijana wa shule ya Kiingereza aliweka picha kwenye grupu la wazazi: watoto wa Ulaya wamevaa kama mizuka, wameshika vikapu vya peremende. Akaandika kwamba Alhamisi ya mwisho wa Oktoba wanafunzi wa darasa la tatu waje na mavazi ya kutisha, kwa kufurahi tu. Adhuhuri haijafika, mkuu wa shule akaifuta picha na kuomba radhi, maana wazazi walikuwa wameshampigia simu mpaka akachoka kupokea.

Lakini watoto walikwishaiona. Wiki ile, katika mtaa wa nyuma ya soko, kila nyumba ikawa na la kwake la kusema.

Ustadhi Zaidi alisema atafunga mlango wake, na mtoto yeyote atakayemwona kajipaka masizi atamnawisha kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe, Semeni, alikuwa mpole zaidi. "Alhamisi jioni kwetu ni Yasini," alisema. "Tunawasomea wazee wetu waliotangulia. Hiyo mizuka ikija, itakuta inaombewa." Akacheka na kuendelea kupepeta mchele.

Mwajabu, aliyehama Kiongoroni kule delta ili mwanawe Saidy apate shule ya karibu, aliipokea kama harusi. "Yaani watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakipewa vitu vitamu? Mie nitakaanga visheti! Kule kwetu hata sukari unaisubiri mpaka maji yajae na boti ifike. Leo sherehe imenifuata mlangoni, niikatae?"

Aliyeibeba shughuli yenyewe hasa alikuwa Mwanahalima, mke wa Ridhiwani. Alizaliwa Kibiti, lakini alikaa Dar es Salaam miaka mingi, akarudi baada ya mumewe kupata kazi ya kupima korosho katika chama cha ushirika. Alirudi na mwili. Roho ilibaki Mbezi. Kila akiona picha za mashoga zake wa kule, aliona kama amezikwa angali hai. Kwa hiyo Hafsa, bintiye, alipokuja analia kwamba shule imeghairi, Mwanahalima alimfuta machozi upesi mno.

"Shule ikighairi, sisi hatughairi," alisema. "Tutaifanya hapa hapa mtaani. Na mimi mwenyewe nitavaa."

Mumewe alirudi jioni na vumbi la magunia nyweleni. Alisikiliza nusu, akajibu nusu. "Mradi msisumbue watu," alisema, kisha akalala. Ulikuwa msimu wa korosho.

Nyumba ambayo hakuna aliyeiuliza ilikuwa ya Bi Salama, mwisho wa mtaa. Bi Salama hakuwa kwenye grupu lolote. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na siku zile alikuwa na mgeni: bintiye Muzdalifa alikuja kwake kujifungua, na kichanga kilikuwa hakijatimiza arobaini. Mume wa Bi Salama alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliuawa pale pale nyumbani kwake miaka ile ya mauaji ya viongozi wa vijiji, wakati watu wa Kibiti walipokuwa wakiingia ndani jua lingali juu. Watu walikuja magharibi, wamejifunika nyuso, wakabisha. Alifungua.

Mwanahalima wakati huo alikuwa Dar. Alizisikia habari kama watu wengine walivyozisikia, akapiga simu nyumbani kuuliza kama wazazi wake ni wazima, akashukuru. Hakuwa mgeni wa jambo lile. Ndilo lililokuja kumtesa baadaye: alijua. Alijua, na siku ile halikumpitia akilini hata mara moja.

Alhamisi ilipofika, Hafsa alipakwa unga wa ngano usoni. Saidy alitengenezewa panga la boksi, likafunikwa karatasi ya fedha ya kufungia vyakula, likang'aa kama la kweli. Mwanahalima mwenyewe alivaa koti la mvua la mumewe, lile refu jeusi, akajifunga kitambaa cheusi kichwani na usoni, akaacha macho tu. Alijitazama kwenye kioo, akajichekea. Kisha akawasha simu, akaingia laivu, mashoga zake wa Mbezi wakaanza kumiminika.

"Karibuni Kibiti!" aliwaambia. "Mlidhani huku hatujui mambo?"

Walianza kwa Mwajabu. Alijifanya kuanguka kwa woga, akawajazia visheti mifuko miwili. Kwa Ustadhi Zaidi mlango ulikuwa umefungwa kweli, lakini Semeni alipenyeza mkono dirishani na kuwapa tende, kidole kimoja mdomoni ili mumewe asisikie. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mashoga wa Mbezi waliandika kwamba haijatisha bado. Mmoja akaandika: tafuta nyumba ya kutisha kweli.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha pita, watu wameshaswali, giza ndiyo linaanza kushika. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Salama ikisoma, taratibu, kwa kuvuta. Mwanahalima aliwaambia watoto wanyamaze. Akawasha taa ya simu. Hakupiga hodi. Aligonga kwa ngumi, mara ya kwanza, mara ya pili, akaibana sauti yake ikawa nzito.

"Fungua!"

Sauti ya kusoma ikakatika. Ndani kikasikika kishindo, kama kitu kimeangushwa, halafu mlango wa uani ukafunguliwa kwa nguvu. Saidy alianza kukohoa kwa kicheko.

Komeo likatolewa. Mlango ukafunguka, na taa ya simu ikampiga Bi Salama usoni. Alikuwa na mtandio wa kuswalia. Aliinua mkono kukinga mwanga, akaona koti, akaona uso uliofunikwa, akaona panga linang'aa ubavuni. Hakupiga kelele. Aliteremka taratibu, goti moja, halafu la pili, pale kizingitini, akaweka viganja vyake chini.

"Niko peke yangu," alisema. "Wallahi niko peke yangu. Hakuna mwingine humu. Fanyeni mlilokuja kulifanya, lakini msizunguke nyuma."

Mwanahalima alisikia maneno yale, na kwa muda hayakuingia. Mkono wake ulikuwa bado umenyoosha simu. Kwenye kioo cha simu, juu ya mwanamke aliyepiga magoti, mioyo midogo myekundu iliendelea kupanda.

Hafsa ndiye aliyeanza kulia. "Mama, kwa nini bibi anafanya hivyo?"

Kwa sauti ile ya mtoto Bi Salama aliinua kichwa. Mwanahalima akakivuta kitambaa usoni, akakivuta vibaya, kikamkwama kwenye sikio. "Bi Salama, ni mimi. Ni mimi, Mama Hafsa. Ni mchezo tu wa watoto. Halowini." Neno lile lilipomtoka alilisikia lilivyo, tupu, halina maana yoyote mahali pale.

Bi Salama alimtazama muda mrefu. Alianza kuinuka. Mwanahalima aliposogea kumshika, Bi Salama alirudisha mkono wake haraka. Akaushika mwimo wa mlango, akajiinua mwenyewe, akaingia ndani na kufunga.

Nyuma ya nyumba, katika mihogo, walimsikia akiita: "Muzdalifa! Rudi, mwanangu. Si wao. Rudi."

Ijumaa asubuhi video ilikuwa Kibiti nzima. Mwanahalima alikuwa ameizima laivu, lakini kuna aliyekwisha kuirekodi, na akamtumia mwingine. Vijana wa bodaboda walikuwa nayo. Wauza samaki sokoni walikuwa nayo. Wengine walituma wakilaani, lakini walituma. Ridhiwani aliiona ghalani, kwenye simu ya mkulima aliyeleta korosho zake kupimwa. Akaacha mizani, akarudi nyumbani saa ambayo si yake.

Mwanahalima alimngoja amfokee. Alitaka amfokee. Ridhiwani alisimama katikati ya chumba, akalitazama koti lake lililoanguka chini kando ya kitanda.

"Umevaa koti langu," alisema. Alienda msikitini.

Mwanahalima alianza kukusanya vitu: kilo za sukari, doti ya khanga aliyokuwa hajaivaa, mchele. Semeni aliingia akamkuta anavifunga.

"Unaenda wapi na hivyo?"

"Kwa Bi Salama. Kuomba radhi."

"Viache. Ukienda na kitu mkononi ataona unamlipa. Nenda na uso wako, Mama Hafsa."

"Ndiyo ninaouonea aibu huo uso, Semeni."

"Basi ndio umpelekee huo huo. Jana ulimnyima."

Semeni alikubali kumsindikiza. Mtaa haukuwahi kuwa mrefu namna ile. Wanawake waliokuwa barazani waliitikia salamu ya Semeni, kisha wakaangalia pembeni. Mwajabu, ambaye jana alicheka kuliko wote, alikuwa mlangoni kwake amejiinamia. Alipowaona alijitanda khanga, akaungana nao bila kuambiwa. "Panga la mwanangu nililikata mie," alisema.

Bi Salama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka. Muzdalifa alikuwa kwenye kigoda na kichanga kifuani. Mikono yake ilikuwa na michubuko mirefu. Mwanahalima alipiga magoti mbele ya mkeka.

"Shikamoo, Bi Salama."

"Marahaba. Inuka. Tusipigiane magoti tena katika nyumba hii."

Akakaa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea. Alisema tu kwamba amekosa, kwamba hana la kujitetea, kwamba anaomba radhi kwa Mungu na kwake. Muzdalifa ndiye aliyejibu, bila kuinua macho.

"Nilimziba mtoto mdomo kule mihogoni ili asilie. Nilimziba mpaka akalegea mikononi mwangu. Nilidhani nimemuua." Akamgeuza mtoto bega la pili. "Basi. Ndiyo yangu hiyo."

Mwajabu alianza kulia kwa sauti. Mwanahalima hakuweza kulia. Aliona hata machozi yatakuwa ni kujionyesha.

Bi Salama alichukua chane za ukindu zilizochomoka kwenye mkeka, akazirudisha moja moja. Halafu akasema, "Sina hasira na wewe. Nina haya."

"Haya ya nini, mama? Mwenye haya ni mimi."

"Sikiliza. Mume wangu alipogongewa, mimi ndiye niliyeshika mkono wa Muzdalifa tukatoka mlango wa uani. Alikuwa mdogo. Tulilala kwenye mihogo. Nilisikia sauti ya baba yake akiwauliza, mna shida gani? Sikurudi. Watu waliponiuliza, nikasema nilikwenda msalani. Miaka yote hii nimejiambia, wangekuja tena ningetoka mimi. Ningesimama." Akaulainisha mkeka kwa kiganja. "Jana wamekuja. Nikatoka. Na badala ya kusimama nimepiga magoti, mbele ya mtoto mwenye panga la boksi, na Kibiti nzima imeniona."

Muzdalifa alikuwa amegeuka anamtazama mama yake, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa kuwa mama aliisikia sauti ile.

"Ulitoka, mama," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nyuma. Ulisema uko peke yako."

Bi Salama alifunika uso kwa mtandio. Semeni akainuka kimya kimya, akawavuta wenzake waondoke. Walipofika kwenye kona ya nyumba Bi Salama aliita.

"Mama Hafsa. Yule mtoto wa uso mweupe ni wako?"

"Ni wangu."

"Kesho mlete. Asubuhi, kweupe. Nataka nimjue sura. Sitaki kulala na ile nyingine."

Jumamosi Mwanahalima alimpeleka Hafsa. Njia nzima mtoto alimuuliza maswali, naye aliyajibu yote kama yalivyo, kwa maneno madogo, hata lile la nani alikufa na vipi. Hafsa alipofika alijificha nyuma ya mama yake, kisha akajitoa, akasema shikamoo. Bi Salama alimshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, akamtazama upande huu na huu.

"Una macho ya bibi yako mzaa baba," alisema. "Nilisoma naye Kurani chuoni. Njoo, kaa hapa, kuna kunde za kupukuchua." Kisha akamtazama Mwanahalima, ambaye alikuwa bado amesimama, hajaambiwa akae. "Wewe nenda. Nitamrudisha."

Mwanahalima akarudi peke yake. Alimkuta Ridhiwani amefua koti, amelianika kwenye kamba. Walikula pamoja kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, wakazungumzia bei ya korosho. Lile jingine hawakuligusa. Aliifuta programu ile ya laivu, ingawa alijua kwamba picha imekwisha mtoka mkononi na haitarudi. Kwa wiki nyingi baadaye alikuwa akienda sokoni mapema kabla watu hawajajaa, na akisikia vijana wanacheka nyuma yake, alikaza mwendo, hata kama hawakumcheka yeye.

Lakini hiyo Jumamosi, alasiri, alikuwa jikoni aliposikia nyayo barazani, za mtu mzima na za mtoto. Akasikia Hafsa akinong'ona jambo, na Bi Salama akimjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Halafu sauti yake, ya taratibu, bila kugonga:

"Hodi. Ni Salama, mama yake Muzdalifa. Nimemleta mtoto."

Mwanahalima alisimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, mkono kwenye komeo.

"Karibu, mama," alisema, na akafungua akiwa ameinamisha macho.