Neno la Arobaini ya Kalcho

Kila Zdravka alipofungua lango lake, uso wa marehemu mumewe ulimtazama kutoka kwenye karatasi ya msiba iliyobandikwa hapo, na chini ya uso huo lilikuwepo lile neno. "Kalcho ametutoka kwa ajali kazini." Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi ndicho kilichoichapisha na kuibandika mji mzima siku ya mazishi, wakati yeye hakuwa na nguvu hata ya kusoma. Sasa nguvu zilikuwa zimerudi, na zilirudi pamoja na hasira.

Maana neno lile lilikuwa limeanza kuzaa. Dukani alisikia wakisema mtu haangukiwi na gogo hivi hivi, lazima Kalcho alikuwa amelewa. Kalcho, ambaye hakuonja pombe ya plamu hata siku ya Pasaka. Watu aliowapasulia kuni wakati wa theluji walikuwa wakimzika mara ya pili kwenye foleni ya mkate.

Zdravka aliacha shule utotoni akachume tumbaku, akarudi darasani akiwa na mvi, kwenye masomo ya jioni. Mwalimu wao alikuwa na sharti moja: usilitumie neno kabla hujaliuliza kamusi. Basi baada ya sala aliifungua kamusi yake kuukuu juu ya meza ya jikoni, akalitafuta neno lile kwa kidole. Ajali: tukio baya ambalo mtu hakulitazamia wala hakuweza kulizuia.

Nani hakulitazamia? Tangu theluji ilipoyeyuka Kalcho alikuwa akirudi nyumbani akisema mnyororo wa kunyanyulia magogo umelika, umebaki kama uzi. Alimwendea mkurugenzi mwenyewe, Hristozov, akaambiwa mnyororo bado unafaa. Zdravka alipiga meza kwa kiganja hadi taa ya mbele ya picha takatifu ikatikisika.

Arobaini ilikuwa inakaribia, na karatasi ya arobaini huandikwa na familia, si na kiwanda. Alichukua kalamu akaandika: "Yalikuwa mauaji." Roho yake ikaburudika. Lakini sharti ni sharti. Akaifungua tena kamusi. Mauaji: kutoa uhai wa mtu kwa kukusudia. Akaisoma tena sentensi yake. Hristozov hakukusudia kumtoa Kalcho uhai. Alikusudia kubana matumizi. Akapiga magoti. Alimwambia Mungu kwamba alilitaka sana neno lile, na kwamba halikuwa la kweli, na kama amri ya kutomshuhudia mtu uongo inamlinda hata Hristozov, basi ampe yeye neno jingine lenye kuuma bila uongo.

Alilipata siku iliyofuata, baada ya kupekua kurasa nyingi. Uzembe: kuacha kufanya jambo linalompasa mtu, hali akilijua. Alilisoma kwa sauti, na pale penye "hali akilijua" akarudia.

Milcho, mdogo wake Kalcho, alipoiona sentensi mpya yenye neno hilo hakuketi. Naye alifanya kazi kiwandani humo humo, na siku Kalcho alipoomba mnyororo mpya alikuwa amesimama kando yake.

"Shemeji, neno hilo litanifukuzisha kazi," alisema. "Andika bahati mbaya. Watu wote huandika bahati mbaya."

Zdravka alisogeza kamusi mbele yake. "Itafute mwenyewe. Ukiona mahali pameandikwa mnyororo, nitaiweka."

"Tangu uanze hiyo shule ya jioni umekuwa hakimu."

"Na wewe tangu nduguyo afe umekuwa bubu. Dukani wanasema alikuwa mlevi, Milcho. Uliwajibu nini?"

Milcho alivaa kofia yake akatoka.

Kwa mchapaji, mzee Dobri, maneno ya msiba huchaguliwa kwa namba kutoka kwenye ubao uliotundikwa ukutani. Wengi huchukua namba tatu, ile ya "kiti chako ki wazi." Zdravka alimpa karatasi yake mwenyewe. Dobri aliisoma, akavua miwani, akaeleza kwamba kiwanda ni mteja wake, kwamba huzuni hupita, kwamba hata "kifo cha kusikitisha" ni neno zito. Zdravka alimjibu kuwa hakuja kupima uzito, amekuja kusema lililotokea. Mwishowe Dobri alichapa, ila aliliondoa jina la duka lake la uchapaji chini ya karatasi, isijulikane nani kaichapa.

Asubuhi ya arobaini Zdravka alizibandika karatasi langoni, mlangoni pa kanisa, dukani, na ukutani pa kiwanda, kama desturi ilivyo kubandika mahali marehemu alipofanyia kazi. "Kalcho alifariki kwa uzembe wa waliojua kuwa mnyororo umelika." Kisha akaenda kuchemsha ngano ya kumbukumbu, ile inayogawiwa watu kaburini.

Katika mji ule karatasi ya marehemu haibanduliwi. Huachiwa jua na mvua ziimalize, hata ya mtu aliyechukiwa. Hristozov alikuwa amezaliwa humo humo na alilijua hilo, lakini hasira ilimsahaulisha. Kabla ya saa sita mlinzi wake alikuwa ameichana ya ukutani mbele ya wafanyakazi waliokuwa wakibadilishana zamu.

Makaburini padri alikuwa akifukiza uvumba wakati watu walipoanza kuingia, wengi kuliko siku ya mazishi, na wale wa foleni ya mkate wakiwamo. Milcho alikuja wa mwisho. Mkononi alishika kipande cha karatasi chenye matope, nusu ya uso wa kaka yake.

"Wameuchana uso wake," alisema. Aliuweka juu ya kaburi, akauzuia kwa jiwe. Kisha akageuka ili wote wamsikie. "Nilikuwepo alipoomba mnyororo. Alikuwa mzima, hakunywa hata tone. Hristozov alimwambia kama anaogopa akauze mboga."

Mwanamke mmoja wa dukani aliinamisha kichwa, na Zdravka alimgawia ngano kama wengine, bila kumtazama.

Walipotoka makaburini, Milcho alimwomba Zdravka karatasi zilizobaki na ndoo ya gundi. Zdravka alikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu siku zote alizonyamaza, na bado angemwambia, lakini si leo. Alimpa brashi.

"Ibandike juu," alisema, "mahali mkono wa mlinzi usipofika."