Aliyemtafuta Mokami

Bupe, afisa ustawi wa jamii aliyehamishiwa Tarime kutoka Mbeya, alikuwa mtu wa kufuli mbili kila mlango. Asubuhi ile alichungulia skrini ya Ghati, binti aliyetunza kompyuta, pale kwenye nyumba salama ya wasichana waliokimbia kukeketwa, akashika kichwa. Maombi yalikuwa yanamiminika kwenye seva yao ndogo, iliyobeba tovuti ya wasichana kuombea msaada. Huyu anataka ukurasa wa msimamizi, yule faili la nywila, mwingine vitu ambavyo hata hawakuwa navyo.

"Tumevamiwa! Zima, Ghati!"

"Hawa hawatujui, dada Bupe. Ni mashine, zinagonga kila mlango duniani. Ona majibu yao: hakuna, hakuna, hakuna." Ghati alizifungia anwani za mashine zile taratibu kama anayechambua mchele. "Tukizima, anayekimbia msimu huu wa ukeketaji ataomba msaada wapi?"

Ndipo Bupe akaona ombi moja lisilofanana na mengine. Lilitoka kwenye simu, na kwenye kisanduku cha kutafutia mtu alikuwa ameandika: Mokami. Kisha tena: Mokami wa Nyambureti. Na Mokami mwenyewe alikuwa jikoni anamenya viazi, baba yake akiwa ameapa kumrudisha kwa fimbo.

"Huyo sasa ndiye baba! Mfungie!"

"Atajibiwa hakuna, kama wenzake. Majina ya wasichana sijawahi kuyaweka humu, apekue mpaka achoke. Ila hii ni simu tu, dada. Hatujui nani kaishika."

Ukaidi gani huo! Bupe alinuna, nusura achomoe waya mwenyewe. Lakini moyoni alimvulia kofia: binti huyu alikuwa anaogopa kama yeye, na bado hakuacha woga umshike mkono.

Kabla ya saa sita simu ileile ikatuma ujumbe kwenye ukurasa wa msaada. Ghati akausoma kwa sauti.

"Naitwa Waisiko. Kama dada yangu Mokami hayuko kwenu, basi nichukueni mimi. Jumamosi wananipeleka kukeketwa. Kila asubuhi nachota maji kisima cha kwa Machage. Msijibu, hii ni simu ya baba."

Bupe alichukua funguo za gari, kesho alfajiri awe kisimani, machozi yanamlenga, akaenda jikoni kumwambia Mokami kwamba mdogo wake anamtafuta.

Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Mlimjibu nini?"

"Tulimjibu kwamba hupo," Bupe alisema. "Mimi nilitaka na kumfungia kabisa. Ghati akakataa."