Weupe wa Katikati

Kazi yangu ni kupanga kurasa: vitabu, mabango, kadi, hata vibandiko vya chupa. Nikiona maandishi yamebanana, roho inaniuma kama nimekanyagwa mimi. Kwa hiyo Mama alipoandikiwa dawa nne, nilimtengenezea ratiba maridadi. Kichwa, "Dawa za Mama", kikawa kikubwa kuliko vyote, utadhani kuna mtu angeziiba. Majina ya dawa nikayapanga kushoto kwa herufi nyembamba, idadi ya vidonge nikaisukuma mpaka ukingo wa kulia, na katikati nikaacha weupe mpana ili karatasi ipumue. Nikaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni.

"Imependeza, Mama?"

"Imependeza sana, mwanangu."

Baada ya wiki moja alimeza vidonge viwili vya presha badala ya kimoja. Akapata kizunguzungu, akakaa sakafuni mpaka jirani alipomkuta. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini dada yangu, ambaye nyumbani kwetu neno lake ndilo la mwisho, alikuja na masanduku mawili na kuanza kupakia nguo.

"Kumbukumbu imeanza kumtoka," alininong'oneza. "Leo leo anahamia kwangu. Na usinibishie."

Sikumbishia. Mama alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, hataki kuondoka kwenye nyumba aliyoishi miaka thelathini. Nami, naona aibu kusema, nilianza kuamini kwamba kweli amezeeka.

Dada akataka kunithibitishia kabisa. "Mama, hebu soma pale. Dawa ya presha, vidonge vingapi?"

Mama akainuka, akaenda kabatini, akaweka kidole kwenye neno "Presha", akakivuta taratibu kwenda kulia. Nilikifuata kwa macho. Kikapita kwenye ule weupe wangu, hakuna mstari wala nukta ya kukiongoza, na kilipofika ng'ambo kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye idadi ya dawa ya chini yake.

"Viwili," akasema.

Dada akanitazama: umeona? Niliona, ila si alichokiona yeye. Uso ulinichoma kwa aibu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekatwa alama kwa kosa lile.

"Dada, acha kupakia," nikasema. "Mama hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi."

Nikachukua rula na kalamu nene, nikapiga mstari kutoka kila jina mpaka idadi yake, na tarakimu nikaziandika upya, kubwa, kwa mkono. Karatasi ikawa mbaya kupindukia. Mama akaisoma yote, dawa nne, bila kukosea hata moja. Dada akasonya, kisha akaanza kurudisha nguo kabatini.

"Sasa Mama, kwa nini hukuniambia kwamba haisomeki?"

"Ningeanzaje?" alisema. "Umeniletea kazi ya mikono yako, uso wote unacheka. Nikasema moyoni, bora nihame tu."