Matundu ya Gunia

Wivu wa Bibiane uliingilia puani. Kizimba chake cha kobayi, wale wanyama wanene wasio na mkia wanaofugwa jikoni, kilinuka hadi barabarani. Cha Josée, mke wa mdogo wa mumewe, nyumba ya pili papo hapo mtaani Panda, kilinukia kama majani ya kiangazi.

Mama mkwe wao, Mama Clotilde wa Mulungwishi, alimpa kila mmoja majike wawili, lakini dume mmoja tu kwa wote, akambatiza Chef. Chef alikuwa wa kuzunguka: mwezi huu kwa mkubwa, mwezi ujao kwa mdogo, kama sanamu ya Bikira inavyotembelea nyumba za jumuiya. Sasa, Chef akiwa kwa Bibiane, mama mkwe alikuwa ametuma habari: Jumapili anakuja, na mwenye kizimba safi zaidi atabaki na Chef moja kwa moja.

Ubaya ulikuwa nyasi. Bibiane alizitandaza chini kwa ukarimu. Kobayi wakazila kidogo, wakazilalia, wakazikojolea, wakazisusa.

Ijumaa alikwenda kwa Josée kuomba chumvi, na chumvi alikuwa nayo.

“Ingia, yaya Bibi,” akasema Josée, kwa heshima ya dada mkubwa. “Kwako chumvi inaishaka mbio!”

“Tunakula bingi,” alijibu Bibiane, macho yameshafika kizimbani. Kumbe! Nyasi kavu zilikuwa ndani ya gunia dogo lililotundikwa ukutani, limetobolewa, na kobayi walinyofoa unyasi mmoja mmoja. Chini pakavu kabisa.

Angeuliza tu. Lakini mke wa mkubwa amuulize mke wa mdogo? Afadhali meno yang'oke.

Akarudi kwake, akachukua gunia la unga na kisu. Josée katoboa matundu ya kupitisha pua? Yeye akatoboa ya kupitisha ngumi. Wanyama wajilie kwa raha, mama mkwe aone nani ana moyo mkubwa! Akalijaza nyasi, akalitundika karibu na sakafu. Jumamosi sakafu ilikuwa kavu, naye akafagia huku akiimba.

Jumapili baada ya misa, Mama Clotilde akaingia, nyuma yake Josée amembebea mfuko. Bila shaka. Bibiane akameza hilo, akafungua kizimba kwa mbwembwe.

Majike wawili. Basi.

“Chef iko wapi?” akauliza Mama Clotilde.

Bibiane akamgeukia Josée. “Uliza huyu! Ameona kizimba yangu imekuwa muzuri, wivu imemushika!”

“Minye?” Josée akajigusa kifua, akaweka mfuko chini. “Yaya, minye niibe dume yenye kuya kwangu mwezi kesho?”

“Njo vile! Uliogopa haitakuya tena!”

Hapo gunia likatikisika, na upepo haukuwepo. Kwenye tundu moja yakatokea matako, yakafuata mgongo, kisha Chef mzima akaanguka sakafuni pu! Mdomo umejaa, akawatazama kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Gunia lilikuwa linachuruzika mkojo.

Mama Clotilde alicheka hadi akashika mlango. “Bibiane, mutoto yangu, hii si saki ya nyasi. Ni hoteli!”

“Ya Josée nayo iko na matobo!” Bibiane akajitetea, akatamani kulirudisha neno mdomoni.

“Uliiona siku gani?” akauliza Mama Clotilde.

“Siku ya chumvi,” akasema Josée polepole.

Chef akaenda kwa Josée. Hakuna aliyebisha, hata Bibiane. Lakini kabla ya kuondoka, Josée alilimwaga gunia, akalisuuza, akalianika juani. Lilipokauka akachomoa sindano kwenye ukingo wa kitenge, akaketi, akaanza kuyapunguza yale matundu.

“Vidole mbili tu, yaya, njo inatosha. Ungeniuliza.”

“Unisamehe,” akasema Bibiane, na kwa nukta moja alimaanisha kwa moyo wote. Kisha akainama kutazama mshono. Mdogo, ulionyooka, kama wa mashine.

Mungu wangu, hata kushona!