Simba wa Msitu wa Lugongolo

Isakwisa alikwisha kuusifu msitu wa Lugongolo kwa beti kumi na mbili kabla hajauona mti wake hata mmoja. Picha alizipata kwenye simu: ukungu, misonobari mirefu, bibi harusi kaegemea shina. Zilimtosha. Mshairi wa kweli, aliwaambia wateja wake pale Uyole, Mbeya, alikokuwa akiuza makava na vioo vya simu, haoni kwa macho.

"Basi kioo changu nibandikie ukiwa umeyafumbua," mteja mmoja alimjibu.

Kijiji cha Lugongolo, huko juu Mufindi, kilikuwa kinatafuta maneno ya kuandika kwenye ubao wa langoni, ili wageni wanaokwenda kutembea msituni wayasome kabla ya kuingia. Anayejiweza aje asome mbele ya kamati. Isakwisa alijiweza, tena sana. Vina na mizani alijifunza mwenyewe, akihesabu silabi kwa vidole, bila mwalimu na bila mtu wa kumwambia basi, inatosha.

Baba yake, Mzee Aroni, alikuwa na mpango mwingine. Mdogo wake, Amos, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, na alitaka mtu wa nyumbani wa kumsaidia.

"Nenda kwa baba yako mdogo," alisema. "Mashairi utaandika jioni, kazi ikiisha."

"Baba, mimi si mshairi wa jioni!" Isakwisa aliwaka. "Sikiliza. Wakilikataa shairi langu Lugongolo, kesho yake niko Rujewa, na kalamu sitaishika tena maishani mwangu. Naapa!"

Mzee Aroni aliacha kumenya ndizi. "Mama Isakwisa! Umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia," mama alijibu kutoka jikoni. "Na majirani wamemsikia."

Ndivyo Isakwisa alivyofika Lugongolo asubuhi ya Jumamosi, kavaa suti nyeusi na viatu vya kuchongoka, kiapo kikiwa kimemkaba shingoni kuliko tai. Alipokewa na katibu wa kamati, Philbert, mtu wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira. Philbert alivitazama vile viatu kwa muda, kisha akamhurumia kimyakimya.

"Kamwene, mgeni. Kamati inakaa saa nane. Msubiri mama yangu akutembeze msituni."

"Mshairi huingia msituni peke yake."

"Haya. Ila usiegemee miti."

Isakwisa hakuuliza kwa nini. Mtu mwenye beti kumi na mbili mfukoni haulizi.

Msitu ulimnyamazisha, na hilo halikuwa jambo dogo. Njia ilikuwa laini, imetandikwa majani makavu membamba kama sindano, hata hatua zake mwenyewe hakuzisikia. Misonobari ilipanda moja kwa moja mpaka ikapotelea kwenye ukungu. Harufu yake ilikuwa kali na safi. Kila alipopita, miti ilijipanga kulia na kushoto, ikafungua njia ndefu, ikaifunga, ikafungua nyingine. Ajabu ya Mungu, alijisemea, miti imejipanga yenyewe kama askari. Mtu mwingine angejiuliza kidogo hapo. Isakwisa aliona tu kwamba msitu unampigia saluti.

Akachagua mti mnene. Shina lake lilikuwa limechunwa gamba upande mmoja, na chini ya lile jeraha kilining'inia kifuko cha nailoni chenye ute mweupe. Hakukijali. Akaketi chini ya kifuko, akaegemeza mgongo, akafumba macho, akaanza kuusomea msitu shairi la msitu:

*Mkono haukupanda, msitu ulojiota,*
*Mungu pekee kapenda, mbegu angani kuleta,*
*Binadamu hajaenda, shoka wala kulivuta,*
*Simba ndani wanawinda, chui nao wananyata.*

"Wapi?"

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani, anatafuna hindi la kuchoma.

"Wapi nini, bibi?"

"Hao simba. Nimekuja hapa tangu sina mvi, nimeona ngedere tu, wezi wakubwa wa mahindi. Kama kuna simba, niambie nisipitie huko."

"Simba wa kishairi, bibi," Isakwisa alisema kwa upole wa mtu anayemwonea huruma asiyesoma. "Na ungeshusha sauti kidogo. Huu ni ukimya wa kale. Haujaguswa na mtu."

Bibi alicheka mpaka kuni zikacheza kichwani. Akazishusha.

"Mimi ndiye Lea, mama yake Philbert. Nimekuja kukutembeza, nimekukuta umekalia kazi ya watu. Hebu simama hapa nilipo. Tazama moja kwa moja. Unaona nini?"

Isakwisa alisimama, suti ikatoa sauti kama plasta inayobanduliwa. Akatazama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaiona miti ilivyokaa: mmoja nyuma ya mwingine, umbali uleule, kama kamba ilivutwa kutoka bondeni hadi kileleni.

"Mstari," alisema, sauti imepungua.

"Huo wangu. Philbert alikuwa mgongoni, bado ananyonya, ananikojolea. Ule wa pili wa marehemu Tusekile, Mnyakyusa mwenzako aliyeolewa huku, alikuwa na mikono mirefu, tazama nafasi zake. Na ule uliopinda kama mkia wa mbwa ni wa Sedekia. Siku hiyo alianza na pombe ya ulanzi." Akalitupa gunzi. "Hapa palikuwa kipara, hata mbuzi hawakupataka. Kitalu kilikuwa bondeni mtoni, barabara hakuna. Miche tulipanda nayo mlima kwenye mabeseni. Miti hii yote, mjukuu wangu, imebebwa kichwani. Ndiyo maana mtu akiwasha moto humu, moyo unanitoka."

Isakwisa aligusa mfuko wake. Beti kumi na mbili zilikuwa zimemlemea.

"Na kwenye kamati ni nani na nani?" aliuliza hatimaye.

"Sisi wapandaji. Tuliobaki. Sedekia ndiye mwenyekiti. Hasikii vizuri, ila lile la mkono kutopanda atalisikia."

"Shairi halibadilishwi kama soksi!" alifoka, kwa mazoea tu. Kisha njia nzima ya kurudi akajaribu kulibadilisha. Alihesabu vidole, akatafuta kina cha *beseni*, akakosa. Mizani zote zilimkimbia kama ngedere waliofumaniwa shambani.

Kamati ilikaa ofisini kwa kijiji, wazee saba na Philbert na daftari lake. Isakwisa akapewa kiti cha plastiki. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa, ukajadiliwa, ukasomwa tena kwa ajili ya Sedekia. Saa nzima ikapita, na saa hiyo yote utomvu wa msonobari uliendelea na kazi yake kwenye suruali.

"Mgeni wetu wa Mbeya, simama usome," alisema Philbert.

Isakwisa alisimama. Kiti nacho kikasimama.

Kilimng'ang'ania nyuma, miguu minne ikielekea ukutani. Akajigeuza akitazame, kikageuka naye, kikamgonga mzee mmoja bega.

"Huyu kaja na samani zake!" Sedekia alipiga kelele.

"Nilimwambia asiegemee," Philbert alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tunagema utomvu ule, bwana. Ni gundi hiyo!"

Wawili walishika kiti, wawili wakamshika mshairi. Kiti kiliachia, na kipande cha suruali kikabaki nacho.

Isakwisa akaishika karatasi kwa mkono mmoja, wa pili ukilinda nyuma. Alimwona Sedekia katega sikio kwa kiganja, vidole vimepinda. Akausoma mstari wa kwanza kwa macho. Mkono haukupanda. Mdomo ulikataa kuutoa.

"Usiwashe moto," alisema. "Miti hii ilibebwa kichwani."

Sedekia akasogea mbele.

"Rudia," alisema Sedekia.

Akarudia. Hakuna kina, mizani haikukaa. Mama mmoja alijigusa utosini taratibu, kama anayetafuta kata ya kubebea beseni.

"Hayo yaandikwe," Sedekia alisema, akapiga meza. "Yametosha. Kijana, umeyatunga wewe?"

Hapo ndipo Rujewa ilipomjia yote, mashine, vumbi la pumba na kicheko cha baba. Ndiyo moja tu ingemwokoa. Bibi Lea alikuwa anatazama dirishani, kama mtu asiyehusika. Angemkazia macho, labda Isakwisa angesema uongo kwa hasira.

"Hapana," alisema. "Ni ya Bibi Lea. Langu lina simba."

"Simba wa wapi?"

"Ndilo swali lenyewe, mzee."

Wakataka kulisikia. Akalisoma lote, ubeti kwa ubeti, na walicheka kila alipotokea chui. Kisha wakalikataa kwa kura nane, ya Philbert ikiwemo. Lea naye alikataa jina lake kuwekwa ubaoni; wenzake watauliza mabeseni yao yalikwenda wapi.

Isakwisa alimpigia baba simu akiwa langoni, koti amelifunga kiunoni.

"Wamekubali?"

"Mstari mmoja, baba. Ila si wangu."

"Baba yako mdogo atakupokea stendi," Mzee Aroni alisema, na kwa mshangao wa Isakwisa, hakucheka.

Kesho yake alishuka Rujewa. Amos alimwonyesha mashine, mizani ya kupimia na rundo la magunia. Kisha akatoa mfukoni kalamu nene ya wino mweusi.

"Kazi yako hii. Kila gunia, andika jina la mwenyewe."

"Baba mdogo, mimi kalamu nimeapa..."

"Baba yako kaniambia. Kasema nikupe hii hii." Amos alimwekea mkononi. "Shika, watu wanasubiri."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, sauti imemkauka kabisa. Alisema ameipoteza shambani, wiki tatu akipiga kopo na kuwafokea kwelea kwelea wasimalize mpunga.

Isakwisa alifungua kifuniko cha kalamu. "Jina, mama?" aliuliza. "Na hao ndege, hebu nieleze tangu mwanzo. Ulikuwa unawaambiaje?"